SI KILA HOMA NI MALARIA: HESABU PUMZI ZA MTOTO



Mtoto akiwa na mwili wa moto, neno la kwanza tunalosema ni malaria. Husema hivyo mama wa Mkata, husema hivyo bibi wa Mombo, na muuza dawa dukani naye husema hivyo. Tunanunua dawa ya malaria, tunampa mtoto, kisha tunangoja. Siku ya kwanza inapita. Siku ya pili inapita. Siku ya tatu mtoto anahema kama mtu aliyekimbia, hataki ziwa, tena ni usiku na gari hakuna.

Watoto wamekufa katika siku hizo tatu za kungoja, na baadhi yao hawakuwa na malaria kabisa. Walikuwa na nimonia. Wengine huuita ugonjwa huu homa ya mapafu, na wengine huuita kichomi. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 wenye umri chini ya miaka 5 duniani kote. Hata hivyo ni ugonjwa unaotibika, na dalili yake kubwa unaweza kuitambua wewe mwenyewe nyumbani kwako. Leo tujifunze namna ya kuitambua.

NIMONIA NI NINI?

Unapochinja mbuzi, lishike pafu lake. Utaona ni laini na jepesi. Ukilitia majini litaelea, kwa sababu limejaa hewa. Ndani yake kuna vifuko vingi vidogo sana. Mapafu ya binadamu yako hivyo hivyo. Tunapovuta pumzi, hewa huingia katika vifuko hivyo, kisha huingia katika damu na kuupa mwili nguvu.

Mtu anapopata nimonia, vifuko hivyo huvimba na kujaa maji na usaha. Sehemu ile ya pafu huwa ngumu na nzito kama ini. Hewa haipati nafasi. Ndiyo maana mgonjwa huvuta pumzi haraka haraka. Mwili wake unatafuta hewa na hauipati ya kutosha.

Nimonia huletwa na vijidudu. Vingine ni bakteria na vingine ni virusi. Virusi vya mafua na vya surua huweza kuleta nimonia. Mwaka 2020 ulimwengu mzima uliona jinsi virusi vya korona vilivyoharibu mapafu ya watu. Vijidudu hivi hutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa kukohoa, kwa kupiga chafya na kwa mikono michafu.

Watu wengi husema nimonia huletwa na baridi au kunyeshewa mvua. Baridi peke yake bila vijidudu haileti nimonia. Lakini siku za baridi, kama kule Bungu na Vugiri milimani, watu hujifungia ndani wengi pamoja, mlango umefungwa na moto unatoa moshi. Hapo vijidudu hupita kwa urahisi kutoka kifua hadi kifua. Na katika nchi kavu ya Handeni nimonia ipo pia. Ugonjwa huu hauchagui mlima wala tambarare.

KWA NINI TUNADHANI NI MALARIA?

Wazee wetu hawakukosea kuiogopa malaria. Zamani homa nyingi katika wilaya zetu zilikuwa malaria kweli. Lakini mambo yamebadilika. Watafiti walipima damu ya watoto na vijana katika vijiji vya Korogwe. Mwaka 2003, katika kila watu 100 waliopimwa vijiji vya bondeni, 78 walikuwa na vijidudu vya malaria. Mwaka 2008, katika kila watu 100, wenye vijidudu walikuwa 13 tu. Katika vijiji vya milimani hesabu ilishuka kutoka 25 hadi 3.

Malaria haijaisha. Bado inaua, na chandarua bado ni lazima. Lakini hesabu hizi zinatufundisha kwamba mtu mwenye homa anaweza kuwa na ugonjwa mwingine.

Tazama tena jambo hili. Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania. Wagonjwa zaidi ya 4,000 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipopimwa kwa uangalifu, wenye vijidudu vya malaria walikuwa chini ya nusu. Wengine wote walikuwa na maradhi mengine, na baadhi yao hawakupewa dawa ya kuua bakteria. Katika kila wagonjwa 100 wenye malaria walikufa 7. Katika kila wagonjwa 100 wasio na malaria walikufa 12.

Maana yake ni nini? Kumpa mgonjwa jina la ugonjwa asio nao ni hatari. Dawa ya malaria haiui vijidudu vya nimonia, hata ukimpa mara mbili.

Tena mtoto mmoja anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo akipimwa damu na kuonekana ana malaria, lakini anakohoa na kuhema haraka, mwambie mganga: "Tafadhali, mtazame na kifua."

JINSI YA KUHESABU PUMZI

Kazi hii haihitaji kifaa cha hospitali. Inahitaji saa, au simu yenye saa, na macho yako. Fanya hivi:

Kwanza, ngoja mtoto atulie. Asiwe analia wala kunyonya. Akiwa amelala ni vizuri zaidi.

Pili, fungua nguo yake uone kifua na tumbo.

Tatu, tazama kifua au tumbo likipanda na kushuka. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja.

Nne, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika. Mtu mwingine akushikie saa, wewe uhesabu.

Sasa linganisha hesabu yako na umri wa mtoto:

Mtoto chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno.

Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka: pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno.

Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno.

Tuchukue mfano. Mtoto ana miezi 8. Anakohoa tangu jana. Umehesabu pumzi zake ukapata 56. Mtoto huyo mpeleke zahanati leo hii. Usingoje kesho.

Kisha tazama chini ya mbavu zake. Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua chake hutanuka. Mtoto mwenye nimonia, akivuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani. Ukiona kifua kinabonyea hivyo, usipoteze muda kuhesabu tena. Nenda.

DALILI ZA HATARI

Mtoto akiwa na dalili moja tu kati ya hizi, anahitaji hospitali mara moja:

– Hawezi kunyonya wala kunywa.
– Anatapika kila kitu anachopewa.
– Amepata degedege.
– Amelegea sana, au haamki vizuri.
– Anakoroma au kutoa sauti kali anapovuta pumzi akiwa ametulia.
– Midomo au ulimi umekuwa wa rangi ya bluu.

Njiani mfunike asipate baridi, na endelea kumnyonyesha kama anaweza.

ZAHANATI WATAFANYA NINI?

Mganga atakuuliza umri wa mtoto na siku alizokohoa. Atahesabu pumzi kama ulivyofanya wewe. Atatazama kifua na kukisikiliza. Atampima malaria kwa tone la damu ya kidole. Kama kipo, atatumia kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole kuona kama damu ina hewa ya kutosha. Hospitali kubwa, kama Magunga pale Korogwe au hospitali ya Kwamkono kule Handeni, wanaweza pia kumpiga mgonjwa picha ya kifua.

Kama mtoto ana kikohozi na mafua tu, wala hahemi haraka, hahitaji dawa ya kuua bakteria. Mpe maziwa ya mama, maji ya kutosha na chakula. Safisha pua yake iliyoziba. Aliyetimiza mwaka mmoja anaweza kulambishwa asali kidogo. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Kama ana nimonia ya kawaida, atapewa vidonge vya amoksisilini, asubuhi na jioni, kwa kawaida siku 5. Kwa mtoto mdogo viko vidonge vinavyoyeyuka katika maji safi au maziwa ya mama. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe tena dozi ile. Baada ya siku 2 mrudishe atazamwe. Akizidiwa kabla ya hapo, mrudishe saa ile ile.

Siku ya tatu mtoto anaweza kucheka na kutaka kucheza. Wazazi wengi huacha dawa hapo na kuweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto mwingine. Usifanye hivyo. Vijidudu vilivyobaki vitapata nguvu tena, na baadaye dawa ile inaweza kushindwa kuviua. Maliza vidonge vyote.

Kama nimonia ni kali, mtoto atalazwa. Atapewa dawa kwa sindano, na hewa ya oksijeni kwa mpira mdogo wa puani. Watu wengine huuogopa mpira ule. Husema aliyewekewa oksijeni hatoki mzima. Fikiri vizuri: mtu anayekosa hewa huokolewa kwa kupewa hewa. Aliyekufa akiwa na mpira puani aliuawa na ugonjwa, na mara nyingi alikuwa amechelewa kufika.

WAGONJWA HAWAFANANI

Nimonia ina sura nyingi. Humjia mtoto hivi na mzee vile. Jifunze sura hizi.

Mtoto mchanga. Mtoto chini ya miezi 2 anaweza asikohoe kabisa. Mwili wake unaweza kuwa wa baridi badala ya moto. Dalili yake inaweza kuwa moja tu: ameacha kunyonya. Huyu hatibiwi kwa kungoja. Mweke kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, mfunike, mpeleke hospitali.

Mtoto aliyekonda kwa utapiamlo. Mwili wake hauna nguvu ya kupigana na ugonjwa. Huenda asiwe na homa, na pumzi zake zisiwe za haraka sana. Akikohoa au akikataa kula, apelekwe mapema.

Mtu mzima. Mara nyingi huanza ghafula kwa kutetemeka na homa kali. Ubavuni huchoma kama kisu kila avutapo pumzi au kukohoa. Makohozi yanaweza kuwa ya rangi ya kutu, au kuwa na usaha. Huyu asiseme, "Nitamaliza kwanza palizi." Aende akatibiwe.

Mzee. Babu au bibi anaweza kuwa na nimonia bila homa na bila kukohoa sana. Utaona ameanza kuchanganyikiwa, anasema maneno yasiyoeleweka, hali chakula, au anaanguka. Usiseme ni uzee tu. Mwulize, mtazame anavyohema, mpeleke.

Mama mjamzito. Akipata nimonia ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni. Aende mapema, naye amweleze mganga kwamba ana mimba ili apewe dawa inayomfaa.

Mwenye virusi vya UKIMWI. Nimonia humshika kwa urahisi zaidi, nayo huweza kuwa ya aina isiyopona kwa dawa za kawaida. Dawa za kupunguza makali ya virusi, na vidonge vya kotrimoksazoli anavyoandikiwa, humlinda. Asiache dawa zake. Na mtu anayerudiwa na nimonia mara kwa mara ni vizuri apime.

Mgonjwa wa selimundu. Akipata homa na maumivu ya kifua, huyo ni wa hospitali siku ile ile.

Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi. Huenda si nimonia, bali ni kifua kikuu. Hasa kama anatoka jasho usiku na anakonda. Apeleke makohozi yakapimwe. Wanaosafisha nyuzi za mkonge kwa mashine hukohoa pia kwa sababu ya vumbi. Lakini asidhani kila kikohozi ni vumbi. Apime ajue.

MAMBO YANAYOONGEZA HATARI

Kukata kimeo. Mtoto akikohoa sana, wengine husema kimeo kimekuwa kirefu, kikatwe. Kimeo hakileti nimonia. Kukikata humtoa mtoto damu, humtia kidonda kooni, na wembe mchafu huweza kumpa pepopunda. Nimonia inabaki pale pale kifuani, na siku zimepotea.

Kuchanja chale kifuani. Chale hazifiki kwenye pafu. Huleta kidonda tu.

Mafuta ya taa. Usimnyweshe mtoto mafuta ya taa kama dawa ya kifua. Mafuta hayo yakiingia mapafuni huleta nimonia mbaya. Usiyaweke katika chupa ya soda, mtoto akadhani ni kinywaji. Akinywa kwa bahati mbaya, usimtapishe. Mkimbize hospitali.

Kulisha kwa nguvu. Mtoto akibanwa pua na kumiminiwa uji, uji huweza kupita njia ya hewa na kwenda mapafuni. Vivyo hivyo mgonjwa aliyepooza asilishwe akiwa amelala chali. Mwinue akae.

Moshi. Moshi wa kuni na wa sigara huumiza mapafu. Usipike na mtoto mgongoni katika jiko lisilo na tundu la kutolea moshi. Baba anayevuta sigara avutie nje, na akiweza aache.

TUJIKINGE

Chanjo ndiyo ngao ya kwanza. Tangu mwaka 2009 watoto wa Tanzania wanapata chanjo inayokinga magonjwa 5 kwa sindano moja, pamoja na bakteria mmoja aletaye nimonia. Tangu mwaka 2013 wanapata pia chanjo ya nimonia yenyewe. Chanjo hizi hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Surua huchanjwa miezi 9 na miezi 18. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto wako leo. Isome. Wewe uliyejifunza kusoma huna haja ya kumngoja mtu akusomee. Kama kuna chanjo iliyopitwa, nenda kliniki uulize.

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji wala uji. Kisha mpe chakula cha mchanganyiko huku ukiendelea kumnyonyesha. Nawa mikono kwa sabuni. Fungua dirisha hewa ipite. Kohoa ukiwa umeziba mdomo kwa kiwiko au kitambaa.

KABLA YA USIKU ULE KUFIKA

Liko jambo moja zaidi, na hili ni la baba na mama pamoja. Mara nyingi mama huona mapema kwamba mtoto anahema vibaya. Lakini baba yuko shambani au safarini, na fedha ya nauli ni yake. Mama mkwe anasema, "Tungoje arudi." Masaa yanapita.

Baba, zungumza na mkeo leo, mtoto akiwa mzima. Mwambie: "Ukiona mtoto anahema haraka au hanyonyi, nenda. Usiningoje." Wekeni akiba ya nauli mahali mnapopajua wote wawili. Andikeni ukutani namba ya simu ya mwenye bodaboda na ya mhudumu wa afya wa kijiji. Wakati wa masika barabara zinapokatika, mjue njia nyingine ya kupita.

Hatuanzi jambo jipya. Katika miaka ya 1980 wilaya ya Bagamoyo, jirani zetu wa kusini, ilifundisha wahudumu wa afya wa vijiji kuitambua nimonia na kutoa dawa yake. Walipita nyumba kwa nyumba, na vifo vya watoto wadogo vilipungua. Wazee wetu nao wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakainuka na kuchimba vyoo. Kikundi chenu nacho kinaweza kujifunza kuhesabu pumzi kwa siku moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mtoto wa miaka 2 ana pumzi 44 kwa dakika. Je, ni nyingi mno? Utafanya nini?

2. Bibi wa miaka 75 hana homa, lakini tangu jana amechanganyikiwa na anahema haraka. Jirani anasema ni uzee. Utamjibu nini?

3. Mtoto amepimwa, hana malaria. Mama anataka kununua dawa ya malaria hata hivyo. Mshaurini.

4. Kutoka kijijini kwenu hadi zahanati ni saa ngapi kwa miguu? Usiku mtampelekaje mgonjwa? Kubalianeni leo.

Kisha kila mmoja ashike saa na kuhesabu pumzi za mtoto wake aliyelala. Mkiwa mmezizoea pumzi zake akiwa mzima, siku akiugua mtaijua tofauti.